Mwaka 2020 ulikwenda wapi? Hisi ya muda wakati wa korona, wajuzi tushuke hapa

#1 Mchanja Mbuga
Wakuu habari zenu.
Ukiwauliza watu kuhusu miezi ya mwanzo ya korona, mmoja atakwambia siku zilikuwa haziishi, mwingine atakwambia hajui Aprili mpaka Septemba 2020 zilipita vipi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anaweza kusema yote mawili.

Dai langu ni hili: janga halikugusa saa ya ndani ya mtu. Liliondoa alama. Shule, harusi, mechi za Jumamosi, ibada, safari za sikukuu, vyote vilitoka kwa mpigo. Alama zikitoka siku zinafanana, na siku zinazofanana hazihesabiki. Anayepinga aje na hoja, mwenye vipimo aje na vipimo.

#2 Takwimu Kwanza
Mkuu, umefunga maswali mawili kwenye kamba moja. La kwanza: siku inakwenda kwa kasi gani wakati unaiishi? La pili: kipindi kilichopita kinaonekana kirefu kiasi gani ukigeuka nyuma? Mwanasaikolojia William James aliyatenganisha tangu 1890: kipindi kilichojaa mambo hupita upesi, kikikumbukwa ni kirefu, kipindi kitupu hujikokota, kikikumbukwa ni kifupi. Kwa hiyo huyo mtu wako anayesema yote mawili hajipingi. Anajibu maswali mawili.

Sasa vipimo. Ruth Ogden wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores aliwahoji Waingereza 604 kati ya 7 na 30 Aprili 2020, wakiwa ndani kwa amri. Zaidi ya 80% walisema mwendo wa muda umebadilika. Ila waligawanyika karibu nusu kwa nusu: wengine siku zinakimbia, wengine zinajikokota. Zilijikokota kwa waliovuka miaka 60, wenye msongo, wasio na shughuli na wasioridhika na mawasiliano yao na watu.

Hapo dai lako lina shida. Alama ziliondolewa kwa wote 604. Mbona nusu walikwenda huku na nusu kule?

#3 Mzee wa Busara
Mleta mada kafungwa goli dakika ya kwanza. Naweka kiti hapa.

#4 Mchanja Mbuga
@Takwimu Kwanza asante, lakini goli hilo nalipinga. Amri ilikuwa moja, alama zilizobaki hazikuwa sawa. Mwenye kazi ya mtandaoni alibaki na vikao vya saa tatu asubuhi, na mwenye watoto wadogo alibaki na ratiba ya kuwalisha na kuwafundisha. Mstaafu anayeishi peke yake alibaki na nini? "Wasio na shughuli" kwenye orodha yako ndiyo hoja yangu ikiwa imevaa nguo nyingine.

#5 Takwimu Kwanza
Shughuli na alama si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na kazi kutwa nzima bila alama hata moja, kama anayeshona barakoa 200 zinazofanana.

Halafu uone Ufaransa. Sylvie Droit-Volet na wenzake waliwapima watu waliofungiwa kuanzia Machi 2020, wengi wakasema muda umepunguza mwendo. Msongo ulikuwepo, ila kilichotabiri vizuri zaidi nani atahisi muda unajikokota ni uchovu wa kukosa la kufanya pamoja na huzuni. Ogden aliporudia Uingereza wakati wa kufungiwa kwa pili, Novemba 2020, sonona nayo ikajitokeza. Kwa hiyo maelezo ya pili ni hali ya moyo, wala si kalenda.

#6 Bonde la Ufa
Wazee, naona mnaongea kana kwamba kila mahali alama zilipungua. Kenya tuliongezewa. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa moja jioni haikuwahi kuwa na uzito ule. Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, kwa hiyo foleni ya stendi ilianza saa tisa, duka lilifungwa saa kumi na moja, na kuanzia saa kumi na mbili kila mtu aliangalia saa. Kama alama ndizo zinazoshika muda, Wakenya wangekuwa na muda ulionyooka kuliko wote.

Maelezo yangu ni tofauti: ni mwisho unaohamishwa. Chukueni zuio la kuingia na kutoka Nairobi. Lilianza 6 Aprili kwa siku 21. Likaongezwa siku 21. Likaongezwa tena mpaka 6 Juni, kisha siku 30 nyingine, likaondolewa 7 Julai. Mtu akiambiwa siku 21 huzigawa: za mwanzo, za katikati, za kumalizia. Akifika za kumalizia anarudishwa za mwanzo. Ukilifanya hilo mara tatu, mtu anaacha kugawa, na asipogawa hana tena namna ya kujua amefika wapi.

Karantini za lazima zilikuwa mbaya zaidi. Siku 14 huhesabiwa tangu mara ya mwisho mtu kukutana na aliyeambukizwa. Akipatikana mgonjwa mpya kwenye jengo lilelile, hesabu inaweza kuanza upya kwa waliokutana naye. Mtu wa siku ya 12 anarudi siku ya 1.

#7 Tanga Raha
@Bonde la Ufa kwani kafyu yenu si iliisha mwaka huohuo wa 2020?

#8 Bonde la Ufa
Hapana. Ililegezwa tu: 7 Juni 2020 ikawa kuanzia saa tatu usiku, mwishoni mwa Septemba saa tano usiku, Novemba ikarudi saa nne. Iliondolewa 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa.

#9 Mzee wa Busara
Ndugu yetu wa Tanga kafupisha kafyu ya watu kwa mwaka mzima. Takwimu Kwanza mwandike kwenye sampuli.

#10 Takwimu Kwanza
Ni utani, ila kosa hilo limepimwa. Pawlak na Sahraie wa Chuo Kikuu cha Aberdeen waliwauliza watu 277, Mei 2022, wataje mwaka wa matukio yaliyojulikana sana ya 2017 hadi 2021. Kwa kawaida tukio likiwa karibu kosa huwa dogo, likiwa mbali kosa hukua. Safari hii matukio ya 2021, mwaka mmoja tu nyuma, yalikosewa kwa kiwango kilekile cha matukio ya miaka mitatu au minne nyuma. Waandishi wenyewe walilinganisha na hali inayoripotiwa kwa wafungwa.

#11 Dodoso
Nashukuru mmefika hapa, maana kosa la tarehe lina bei, na bei yake inaonekana kwenye kazi za lishe.

Kwenye tafiti za udumavu umri wa mtoto huandikwa kwa miezi, 0 hadi 59. Kadi ya kliniki ikiwepo unanakili tarehe. Isipokuwepo, mdadisi hutumia kalenda ya matukio. Hutengenezwa hivi: karatasi yenye miezi 60, safu tano. Ya kwanza mwezi na mwaka. Ya pili msimu: masika, vuli, kupalilia, kuvuna. Ya tatu dini: Ramadhani, Idi, Pasaka, Krismasi. Ya nne taifa. Ya tano kijiji: mafuriko, kuzinduliwa kisima, msiba wa kiongozi, tetemeko. Safu ya tano unaijaza na watu sita hadi wanane, mtendaji, mkunga, mwalimu, viongozi wa dini, kila mmoja akiulizwa peke yake. Tukio linaingia iwapo wengi wametaja mwezi uleule bila kusikilizana. Kwa mama unashuka kutoka kubwa kwenda dogo: mwaka, msimu, mwezi. Na huulizi "lini". Unauliza "alizaliwa kabla au baada ya..."

Ukikosea, inakuwa hivi. Mvulana wa sentimita 84 mwenye miezi 24 yuko juu ya mstari wa udumavu wa Shirika la Afya Duniani, ambao kwa umri huo ni kama sentimita 81. Mwandike miezi 30, mstari unapanda hadi kama 85, naye anahesabiwa mdumavu. Mtoto hajabadilika hata nywele moja. Ni miezi sita tu iliyopotea kichwani mwa mtu mzima.

Tatizo la 2020: safu ya tano, Aprili hadi Septemba, ilibaki karibu tupu kwenye maeneo yaliyofungwa. Hakuna mnada, ngoma, mahafali wala mkutano wa hadhara. Na hata kilichobaki kinataka uangalifu. "Wakati wa korona" haifai kabisa, maana ni kipindi cha zaidi ya miaka miwili. Tukio la kalenda lazima liwe na ncha.

Kwa hiyo kwenye uzi huu namuunga mkono mleta mada, kwa swali la pili la Takwimu Kwanza tu. La kwanza sina kipimo chake.

#12 Tanga Raha
Post #11 ihifadhiwe. Swali kwa Dodoso: sisi Tanzania hatukufungiwa. Safu yetu ya tano nayo ni tupu?

#13 Dodoso
Haikuwa tupu, ilipungua. Shule zilifungwa 17 Machi 2020, vyuo na kidato cha sita vikarudi 1 Juni, shule zote 29 Juni. Minada na ibada ziliendelea. Na safu ya taifa imejaa: msiba wa Mzee Mkapa Julai 2020, uchaguzi 28 Oktoba 2020, Maalim Seif Februari 2021, Rais Magufuli 17 Machi 2021. Kanda ya Ziwa kuna maji ya Ziwa Victoria yaliyopanda kupita kiasi Mei 2020 na kuingia kwenye nyumba. Kenya unaanza na nzige na msiba wa Mzee Moi, Februari 2020. Burundi una Nkurunziza, Juni 2020. Ncha za namna hiyo zinafaa.

Tahadhari moja: Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, ya 2021 katikati ya Aprili. Mdadisi akinakili kalenda ya mwaka uliopita bila kusogeza, anajitengenezea kosa kwa mkono wake.

#14 Mwalimu wa Tororo
Uganda kuna tatizo jingine. Wazazi wengi huhesabu umri kwa darasa. Shule zilifungwa 20 Machi 2020 na hazikufunguka kwa wote hadi 10 Januari 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa kikamilifu au kwa sehemu. Waliokuwa madarasa ya mitihani walirudi Oktoba 2020, wengine kwa zamu mwaka 2021, kisha Juni 2021 zikafungwa tena. Walipofungua wote wakapandishwa darasa moja. Ukihesabu kwa darasa, karibu miaka miwili inaingia kama mwaka mmoja, na umri wa mtoto unaandikwa pungufu.

Kenya walifanya kinyume, walibana. @Bonde la Ufa nirekebishe nikikosea: mwaka 2022 watahiniwa wa KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, waliufanya mara mbili?

#15 Bonde la Ufa
Si watahiniwa walewale. Ni makundi mawili tofauti ndani ya mwaka mmoja. KCPE ya 2020 ilifanywa Machi 2021, ya 2021 ikafanywa Machi 2022, ya 2022 ikafanywa Novemba 2022. Mihula ilifupishwa na likizo zikakatwa mpaka kalenda ikarudi mstari wake Januari 2023. Kwa mtoto wa shule 2020 ilitoweka, kisha 2021 na 2022 zikajazwa vya miaka mitatu. Kwa kanuni ya James iliyotajwa #2, 2020 ikumbukwe fupi na 2022 ndefu. Hilo lingefaa kupimwa kwa wanafunzi wenyewe.

#16 Saa Ukutani
Mleta mada kasema saa ya ndani haikuguswa. Hiyo inapimika, na vifaa ni simu tu.

Weka saa ya kuhesabu sekunde, geuza kioo chini. Anza, usihesabu kwa mdomo wala kwa vidole, simamisha ukiamini sekunde 60 zimetimia. Andika iliyosomeka. Rudia mara tano, ukipumzika dakika moja moja kati yake, kisha toa wastani. Fanya saa ileile kila siku, kabla ya kahawa, si baada ya kupanda ngazi. Anayehesabu kimyakimya anapima mdundo wa kuhesabu, hapimi saa yake, kwa hiyo mpe tarakimu za kusoma kwa sauti bila mpangilio ili asiweze kuhesabu.

Ukisoma matokeo usigeuze mambo. Aliyesimamisha kwenye 50 akiamini ni 60, saa yake ya ndani inakwenda mbio: 60 gawanya kwa 50 ni 1.2. Dakika halisi kwake ni kama sekunde 72, ndiyo maana mambo ya nje yanamjikokotea.

Na inaguswa na ugonjwa moja kwa moja. Mwaka 1933 Hudson Hoagland alimpima mkewe aliyekuwa na mafua makali, akimwambia ahesabu hadi 60 kwa mwendo wa sekunde. Kadiri joto la mwili lilivyopanda ndivyo alivyomaliza mapema. Korona ni ugonjwa wa homa. Usiseme janga halikugusa saa.

#17 Takwimu Kwanza
Kipimo ni sahihi, matumizi yake hapa siyo. Uwezo wa kukadiria sekunde 60 na hukumu ya "wiki hii ilikwendaje" havifuatani vya kutosha. Mtu anaweza kupatia dakika barabara na bado akasema mwezi umemponyoka. Kwa hukumu ya siku tumia mstari wa 0 hadi 100, 50 ikiwa "kama kawaida", na uulize mara tatu mbali mbali: leo, wiki hii, mwezi huu. Uliza jioni, siku hiyohiyo. Ukiuliza baada ya miaka mitatu unapima hadithi aliyokwisha kujisimulia. Ongeza maswali mafupi: amelala saa ngapi, ameongea na watu wangapi ana kwa ana, amefanya nini, moyo ukoje. Bila hayo utapata namba usiyojua imetoka wapi.

Na homa ni ya siku chache kwa walioumwa. Wengi wa wale 604 hawakuwa na homa.

#18 Sista Zamu
Kwa walioumwa sana jambo ni zito kuliko homa. Mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) hupoteza usiku na mchana, na hilo ni sehemu ya mkanganyiko wa akili unaorefusha siku za kulazwa. Tunachofanya kuuzuia: saa kubwa ukutani mbele ya macho ya aliyelala, isiwe nyuma ya kichwa kama ilivyo wodi nyingi. Kalenda ya kuchana, inachanwa asubuhi mbele yake. Mapazia wazi jua likichomoza, taa kupunguzwa kuanzia saa tatu usiku. Dawa, vipimo na kugeuzwa vya usiku hukusanywa pamoja ili asiamshwe mara sita. Kila zamu ikiingia inataja jina la muuguzi, mahali, siku na kipindi: "saa nne asubuhi", kamwe si "saa nne" peke yake, kwa sababu mgonjwa hana dirisha la kumwambia ni saa nne ipi. Miwani na kifaa cha kusikia anarudishiwa mara tu anapoamka. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu hupunguzwa inapowezekana.

Korona ilivunja karibu yote hayo. Wageni marufuku, kwa hiyo hakuna sauti ya nyumbani. Wahudumu wote barakoa na gauni, sura haitofautiani na sura, zamu haitofautiani na zamu. Na aliyelazwa kifudifudi hadi saa 16 ili mapafu yapate hewa, saa ya ukutani ya nini? Palipowezekana jina na picha ya muuguzi vilibandikwa kifuani, na simu ya video na familia ikawekwa saa ileile kila siku. Uileile ndio dawa yenyewe. Simu inayokuja ovyo haimsaidii kujua ni lini.

Shajara ya mgonjwa nayo inasaidia baadaye: kila siku mistari mitatu minne, lugha nyepesi, kilichotokea, nani alipiga simu, hali ya hewa nje. Akipona ndiyo anayoitumia kujaza siku ambazo hana.

#19 Mchanja Mbuga
Sista, shikamoo kwa post hii. Nanukuu "uileile ndio dawa yenyewe". Hizo ni alama!

#20 Sista Zamu
Marahaba. Ni alama, ila pia ni mwanga na usingizi. Usichukue nusu.

#21 Jua la Utosini
Nilikuwa nasubiri mtu ataje mwanga. Saa ya mwili ya binadamu kwa wastani huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, kama dakika 10 za ziada, na kila siku mwanga wa asubuhi huirudisha. Nje, hata kivulini, mchana unapata maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), mara nyingi zaidi ya 10,000. Sebuleni ni 100 hadi 300. Aliyefungiwa chumba cha ndani hapati cha kumrudisha, analala anachelewa, anaamka anachelewa.

Mfano mkubwa ni Michel Siffre, aliyejifungia pangoni miezi sita bila saa mwaka 1962.

#22 Saa Ukutani
Miezi sita ni Texas, 1972. Ya 1962 ni pango la Scarasson, milima ya Alpi, miezi miwili. Alipoambiwa muda umetimia ilikuwa 14 Septemba, kwa hesabu yake 20 Agosti. Na alipotakiwa ahesabu hadi 120 kwa mwendo wa sekunde alitumia kama dakika 5. Huo ni ushahidi wa saa ya ndani kupungua kasi, kinyume cha mgonjwa wa Hoagland.

#23 Jua la Utosini
Nakubali masahihisho. Lakini ona: pangoni muda ulimponyoka siku 25. Hakukuwa na kafyu, huzuni ya msiba wala mwisho unaohamishwa. Giza na upweke vilitosha.

Na hapa kwetu kuna faida ambayo Liverpool hawana. Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Jua kuchomoza na kuzama ni alama isiyoyumba. Liverpool ndani ya Aprili peke yake mchana huongezeka kwa karibu saa mbili. Usichukue jibu la Liverpool ukaliweka Mbagala, ambako hata anayeshinda nyumbani anashinda uani.

#24 Mpwani wa Muscat
Assalaam alaykum. Oman misikiti ilifungwa Machi 2020, ikaanza kufunguliwa Novemba. Adhana haikukatika. Kwa hiyo siku ilibaki na vigawanyo vyake vitano kwa kila anayeswali nyumbani. Kilichokosekana ni Ijumaa. Hakuna khutba, hakuna kukutana, hakuna nguo ya Ijumaa. Na Ramadhani tarawehe zikawa za sebuleni.

Nadhani mleta mada aligawe dai lake kwa ngazi. Kuna alama za siku, za wiki, za mwaka. Unaweza kubaki na moja na kupoteza nyingine. Kafyu ya Bonde la Ufa ni alama ya siku tu, haimwambii mtu leo ni Jumanne. Ndiyo maana inawezekana siku ikanyooka na wiki ikapotea.

#25 Takwimu Kwanza
Wa alaykum salaam. Hoja ya ngazi ni nzuri, na ina pa kushika. Alison Holman wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake waliwafuatilia Wamarekani 5,661 mwaka 2020. Malalamiko yaliyoenea zaidi yalikuwa ya aina hiyo: siku za kazi na za mapumziko kuingiliana, kutojua ni siku gani au saa ngapi. Ila wao wanayahusisha na msongo wa kila siku, kufuatilia habari za janga kwa saa nyingi, na matatizo ya akili yaliyokuwepo kabla. Kwa hiyo hata wiki kupotea kuna anayeieleza kwa moyo.

Tufike kwenye kasoro kubwa. Hifadhidata ya Blursday, iliyokusanya vipimo vya hisi ya muda wakati wa korona kwa watu 2,840 wa nchi 9, haina hata nchi moja ya Afrika.

#26 Bonde la Ufa
Basi kipimo chetu kipo mpakani. Taveta ya Kenya na Holili ya Tanzania: watu walewale, soko lilelile, mvua ileile, jua lilelile. Upande mmoja kafyu na shule kufungwa hadi Januari 2021, upande mwingine shule zimerudi Juni 2020 na hakuna kafyu. Waulize pande zote mbili wataje tarehe za matukio yaleyale. Kosa likilingana, si alama wala si kufungiwa. Likiwa kubwa Taveta, mleta mada kashinda.

#27 Dodoso
Wazo zuri, ila chagua maswali kwa makini. Usitumie Olimpiki ya Tokyo: jina linasema 2020, ilichezwa Julai na Agosti 2021. AFCON ya 2021 ilichezwa Januari na Februari 2022. Atakayesoma jina atakosea tarehe, na atakayekumbuka mchezo atakanganywa na jina. Weka misiba ya viongozi, weka nzige. Ushindi wa Kipchoge kwenye marathoni ya Olimpiki, 8 Agosti 2021, unafaa kwa Wakenya ukiuliza bila kutaja "Tokyo 2020". Kila tukio liwe limejulikana pande zote, na lisiwe linaadhimishwa kila mwaka redioni, la sivyo unapima redio.

#28 Saa Ukutani
Na msiba wa Magufuli? Holili wameuishi, Taveta wameusikia. Hilo halilingani.

#29 Dodoso
Hivyo hivyo Moi kwa upande wa pili. Weka mawili ya kila upande na manne ya katikati, kisha linganisha ya katikati peke yake.

#30 Mwalimu wa Tororo
Kuna shimo jingine. Mpaka haukuwa ukuta kwa kila mtu. Madereva wa malori walivuka, wakisubiri majibu ya vipimo. Mei 2020 foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilifika makumi ya kilomita, dereva anakaa siku kadhaa ndani ya kichwa cha gari akitazama lori la mbele. Ana alama zote za Jua la Utosini, jua liko juu yake kutwa, na bado siku haiishi kwa sababu kazi yake ni kusubiri tu. Mtu wa namna hiyo mtamweka kundi gani?

#31 Bonde la Ufa
Kundi lake mwenyewe. Muulizeni siku hiyo aliambiwa majibu yanatoka lini, na yalitoka lini. Tofauti ya hizo tarehe mbili ndiyo namba ninayoitaka.

#32 Takwimu Kwanza
Hiyo nitaikubali iwapo utaandika pia saa alizolala na kama alikuwa na mwenzake ndani ya gari. Ukiacha hayo, Jua la Utosini na Droit-Volet wote watadai dereva ni wao.

#33 Mchanja Mbuga
Dodoso, orodha ya matukio manane ya Taveta na Holili iweke hapa tuikosoe moja moja.